Chai Si Chakula

Hapakuwa na tumbo duniani lililoweza kumficha kitu Abdimajid Samatar. Hayo aliyasema mwenyewe, aliyasema kila siku, na aliyasema kwa sauti ya kufika barabarani. Pale kwenye zizi la mnada wa mifugo, Nanyuki, alikuwa akimwendea ng'ombe kwa upande wa kushoto, anakunja ngumi, anaizamisha kwenye lile bonde la nyuma ya mbavu, anafumba jicho moja kama fundi wa redio, halafu anatoa hukumu: huyu juzi alikula pumba, jana majani mabichi, na leo alfajiri mwenyewe amemlambisha chumvi ili anywe maji aonekane mnene. Muuzaji anaanza kukohoa. Mnunuzi anaanza kucheka.

"Tumbo ni barua," Abdimajid alikuwa akisema, akijifuta mkono kwenye koti. "Mimi ndio posta."

Barua za ng'ombe alizisoma. Za mbuzi pia, za kondoo, na wakati mmoja ya punda ambaye hakuwa hata anauzwa. Lake mwenyewe, alilolibeba miaka ishirini na sita, hakuwahi kulisoma hata anwani.

Maana karibu kila siku ikifika saa tano asubuhi, tumbo la Abdimajid lilijaa upepo likawa gumu kama ngoma. Lilinguruma. Siku moja lilinguruma mpaka mzee mmoja aliyekuwa akipatana bei akageuka kuangalia fahali aliye nyuma yake, na nyuma yake hapakuwa na fahali. Kisha choo. Tuachie hapo. Aliyewahi kukimbia huku ameshika mshipi anaelewa, na ambaye hajawahi hahitaji kuchorewa picha.

Ajabu ni kwamba halikumsumbua. Lilimuuma, ndiyo, lakini alikuwa akiyaangalia yale maumivu kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili. Mambo yote yalikuwa hivyo tangu Machi, baba yake alipokufa. Samatar, dalali aliyejulikana kutoka Nanyuki mpaka Isiolo, aliumwa tumbo miaka miwili akalificha, akawa anakunywa magadi kwenye maji ya moto na kusema ni gesi. Walipompeleka hospitali kubwa wakamwingiza kamera, wakaangalia, wakatoka wakiwa wamenyamaza. Wiki kumi na moja baadaye walimzika. Siku ya nne Abdimajid alirudi zizini akauza madume mawili na kutoa vichekesho vyake vyote kwa mpangilio ule ule. Watu wakasema huyo ni mwanaume kamili. Yeye mwenyewe alijiona kama redio iliyosahaulika ikiwaka kwenye nyumba iliyohamwa.

Ni suruali iliyompeleka kliniki. Ilianza kumtelemka, na mama yake, Marwo, akautoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, bila kusema neno. Wiki tatu baadaye akautoboa jingine. La pili lilimwingia Abdimajid. Tundu la pili lilikuwa pale pale baba yake alipofikia Januari.

Nanyuki hakutaka. Nanyuki ukichechemea asubuhi, kufika adhuhuri watu wamekuchangia mkongojo. Akaenda Nyeri, mtaa wa Ruring'u, kwenye kliniki ndogo iliyo juu ya duka la dawa, ambapo ukikaa kwenye foleni unasikia filimbi za mazoezi kutoka uwanjani. Akachagua Ijumaa. Ijumaa zizi hufungwa, hakuna mtu wa kuuliza Abdi yuko wapi.

Aliyempokea alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, nywele fupi, miwani, jina Wangechi. Kwanza alimpitisha kwa daktari wakachukua damu na choo, majibu yakarudi hayana kitu. Kisha akamketisha mbele ya meza yake.

"Unaenda choo mara ngapi?"

"Kwa siku ama kwa saa?"

Wangechi hakucheka. Aliandika. "Umeona damu?"

"Hapana."

"Uzito umepungua?"

"Uliza suruali."

"Kwenu kuna mtu amewahi kuugua tumbo?"

"Baba."

"Akapona?"

"Alikufa Machi." Alilisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Wangechi aliinua macho, akangoja kidogo. Alipoona hakuna kinachofuata, akaendelea. "Pole. Sasa skiza. Kwa wiki sita tunatoa maziwa, ngano, vitunguu na maharagwe. Unakula wali, viazi, nyama, karoti, ndizi. Baada ya hapo tunarudisha kitu kimoja kimoja, tuone ni gani inakuletea shida."

"Kama kufungulia ng'ombe zizini mmoja mmoja. Unaona ni nani anapiga teke."

"Hivyo tu. Na hizi ni kapsuli, moja kila asubuhi. Ndani iko na bakteria wazuri."

"Ati wazuri? Wamesomea wapi?"

"Na hii," akasukuma mkebe mezani, "ni unga wa maganda ya mbegu. Kijiko kimoja kwa glasi ya maji, na unywe haraka kabla haijakuwa uji."

Abdimajid alifungua mkebe akanusa. "Lakini daktari, hii si ni pumba?"

"Mimi si daktari, mimi ni mtu wa lishe. Na ndiyo, ni kama pumba. Umewahi kuskia ng'ombe akilalamika?"

Hapo ndipo Abdimajid alimtazama uso kwa mara ya kwanza. Kuna kitu kwenye ile midomo iliyokataa kucheka alichowahi kukiona mahali fulani, lakini kufuatilia kitu siku hizi kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Akaacha.

Wangechi alimpa daftari jipya, la mistari, kurasa themanini. "Andika kila kitu yenye imepita kwa mdomo. Na jioni uandike maumivu, sufuri mpaka kumi. Lakini iwe ya ukweli, Abdimajid. Kwa sababu ukifuata yote na bado unaumwa, basi si chakula. Itabidi nikuandikie barua uende hospitali kubwa waingize kamera. Sitaki kukutuma huko bure."

Barua. Kamera. Abdimajid alisubiri aogope. Hakuogopa. Aliona tu kwamba vidole vyake vimekuwa baridi, akavitia mfukoni.

Basi akaanza. Na kusema haki, alifuata. Marwo alimpikia wali mweupe na mbuzi wa kuchemsha bila kitunguu, kitu ambacho katika nyumba yao kilikuwa karibu na matusi, akampikia bila kuuliza sababu. Nyumba ile ilikuwa imeacha kuulizana tangu Machi. Anjera za asubuhi, zile chapati laini za ngano, akaziacha. Kibuyu cha maziwa ya ngamia kikimfikia mezani alikipitisha kwa mkono wa pili kama mtu anayepitisha simu isiyo yake. Kapsuli alimeza. Unga alikoroga, akaufumbia macho, akanywa, na siku aliyochelewa akautafuna.

Daftari likajaa. *Wali, nyama, karoti. Kapsuli. Viazi viwili, spinachi. Ndizi moja. Peremende moja, ya kijani.* Unaona alivyokuwa mwaminifu? Mpaka peremende. *Maumivu: saba.* Kesho yake, *saba.* Kesho kutwa, *sita na nusu.* Ijumaa, *moja.* Jumamosi, *saba.*

Sasa tuje kwenye chai.

Langoni mwa zizi, chini ya mabati manne, Wamucii, mama wa chai ambaye zizi zima lilimwita Mathe, alikuwa na jiko la kuni, sufuria kubwa nyeusi na benchi. Biashara pale ilikuwa na desturi yake. Mkishapatana, dalali na mnunuzi mnaketi kwenye hilo benchi, kila mtu anapewa kikombe, mnakunywa. Kabla vikombe havijaisha ng'ombe bado ni wa mwenyewe. Na dalali anayekataa chai ana jambo analolijua kuhusu yule ng'ombe. Mnunuzi atasimama, ajikung'ute vumbi, aende zake. Chai ya Wamucii ilikuwa nusu maji nusu maziwa, na siku maziwa yakiwa mengi, maji yalikuwa mgeni tu.

Abdimajid hakuwa anapewa kikombe chochote tu. Alipewa cha bati cha bluu, kilichobambuka ukingoni, ambacho Samatar alikinywea miaka kumi na tisa. Siku ya nne baada ya mazishi Wamucii alikijaza akamwekea mkononi, hakusema pole, akarudi kwenye kuni zake. Tangu hapo hakuna aliyelizungumza.

"Umekula, Abdi?" Wamucii alikuwa akimuuliza karibu kila asubuhi.

"Bado, Mathe. Nimekunywa chai tu."

"Ongeza basi. Utakauka kama mbuzi ya Januari."

Akaongezwa. Na katika hayo mazungumzo hakuna aliyedanganya. Zizi zima lingekuambia hivyo hivyo: chai si chakula. Chai ni kazi. Ni kama kupeana mkono, na nani anaandika kwenye daftari amepeana mkono na watu wangapi? Kikombe cha alfajiri cha kupasha vidole, viwili vya muuzaji, viwili vya mnunuzi, kimoja kwa sababu mvua inanyesha. Abdimajid angeapa mbele ya kadhi kwamba hajaonja maziwa tangu siku ile ya Ruring'u, na angeapa akiwa ameshika kikombe.

Wamucii alipenda kuzungumza akimimina. Alizungumza juu ya bei ya kuni, juu ya goti lake, juu ya msichana wake wa Nyeri aliyesoma sana na haji nyumbani. "Ati yuko na kazi mingi. Kazi gani hiyo mtu hawezi kuja kuona mama yake? Unaniskia, Abdi?"

"Nakuskia, Mathe."

Hakuwa amesikia hata nusu. Aliangalia mvuke.

Wiki ya nne alikuja Mutahi, mkulima wa Mweiga, aliyenunua ndama kwa mkono wa Abdimajid mwezi uliotangulia. Alishuka kwenye pikapu amekunja uso. Nyuma, kwenye nyasi kavu, ndama alikuwa amesimama kwa huzuni, mkia wake ukieleza habari yote.

"Kijana, uliniuzia ugonjwa."

"Nilikuuzia ndama, mzee. Ugonjwa umeongeza wewe. Unampa maziwa kiasi gani?"

"Lita mbili asubuhi, mbili jioni. Vile uliniambia. Hata bibi ameandika kwa ukuta."

Abdimajid alipanda juu ya pikapu, kikombe cha bluu mkono mmoja. Akabonyeza tumbo la ndama kwa mkono mwingine, akafumba jicho, akanusa, akashuka.

"Huyu anakunywa sita."

"Nne!"

"Sita, mzee. Na saa nane mchana ndio anaharibika zaidi. Nimedanganya?"

Mutahi alitazama watu waliokuwa wamekusanyika, akavua kofia, akaivaa tena. "Labda ile kidogo ya saa sita... Lakini hiyo si kumlisha, Abdi. Hiyo ni ya kumnyamazisha tu. Analia, bibi anamwonea huruma."

Zizi likacheka mpaka mbuzi wakashtuka.

"Na tumbo litajuaje hiyo ni ya kumnyamazisha?" alisema Abdimajid, akainua kikombe.

Kikombe kilifika kwenye meno kikasimama. Kilikuwa cha tano asubuhi ile. Utando wa maziwa ulikuwa umejikunja juu yake, mnene, wa rangi ya kahawia, kama ngozi ya kitu kilicho hai. Saa ya simu ilikuwa ikionyesha tano kasoro kumi. Ijumaa hakuna zizi. Ijumaa hakuna chai. Ijumaa, moja.

Sasa hapo mtu mwingine angepiga kelele, angekimwaga chini, angepiga simu Nyeri. Abdimajid alisimama na lile jambo kama mtu aliyepewa mzigo wa kushika na mwenye mzigo hajarudi. Kisha, kwa kuwa Mutahi alikuwa akimtazama, na kwa kuwa ilikwisha kumiminwa, akanywa.

"Unaona?" Mutahi akawaambia watu. "Anakunywa. Basi ndama ni mzima. Makosa ni ya bibi."

Jioni hiyo alifungua daftari. *Wali, nyama, karoti. Kapsuli. Maumivu: saba.* Kalamu ikabaki hewani. Neno lenyewe ni fupi, herufi nne tu. Lakini akiliandika, Wangechi atalikata. Likikatwa, atakaa kwenye benchi lile mkono mtupu, Wamucii atauliza, na jibu litakuwa tumbo. Na pale zizini ukimtaja mwana wa Samatar na tumbo katika sentensi moja, watu watavua kofia. Kikombe cha bluu nacho kitapewa nani?

Alijaribu kuona aibu. Haikuja. Akafunga daftari akalala.

Mpaka siku ile ya Mutahi lilikuwa kosa. Siku zilizofuata, tuseme ukweli, ulikuwa uongo, na Abdimajid aliuandika kwa mwandiko mzuri, siku baada ya siku, kwa wiki mbili zaidi.

Ijumaa ya wiki ya sita akapanda tena ile ngazi ya juu ya duka la dawa. Hakuwa amekunywa kitu ila maji na ule unga. Tumbo lilikuwa limetulia kama la mtu mwingine.

Wangechi alisoma daftari lote. Hakuruka ukurasa. Nje filimbi ilipigwa, vijana wakakimbia, filimbi ikapigwa tena.

"Sijawahi kuona mtu amefuata namna hii," alisema. "Watu huniletea kurasa tatu na doa la mafuta. Wewe umeandika mpaka peremende."

"Ya kijani," Abdimajid akamkumbusha.

"Na bado saba. Kila siku saba." Akarudi nyuma kurasa kadhaa, kidole kikishuka pembeni. "Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa moja. Ijumaa mbili. Ijumaa moja. Ijumaa unafanya nini tofauti?"

Ulikuwa mlango, tena umefunguliwa wazi kabisa. Abdimajid aliuona. Alihitaji kuingiza neno moja tu.

"Naenda msikitini," alisema. "Labda tumbo nalo linaogopa Mungu."

Wangechi alimtazama muda mrefu kuliko utani ule ulivyostahili. Kisha akapumua, akafungua droo, akatoa karatasi yenye mhuri juu. "Sawa. Basi si chakula. Sitakuficha, singependa kukuandikia hii, hasa kwa sababu ya mzee wako. Lakini daftari inasema hivyo, na mimi naamini daftari." Akaanza kuandika. *Abdimajid Samatar. Umri: 26.*

Alikuwa na mwandiko wa pole pole. Abdimajid aliutazama ukijenga jina lake, kisha la baba yake, kwenye karatasi ya aina ile ile aliyopelekwa nayo mzee hospitali kubwa, na mhuri ule ule wa mviringo. Vidole vilipoa mpaka kwenye viwiko. Sema, alijiambia. Sema sasa. Mdomo ukafunguka.

"Hiyo kamera," mdomo ukasema, "ni ya rangi ama ni ile ya zamani?"

Wangechi hakuinua kichwa. Mlango ukagongwa mara mbili, na kabla ya kuitikiwa ukafunguka.

Kwanza iliingia chupa ya chai, kubwa, ya maua mekundu. Ikafuata kikapu. Ikafuata sauti.

"Leo hakuna zizi nikasema wacha nije mwenyewe, kwa sababu wewe huji. Wiki tatu, Wangechi! Kwani Nyeri ni Ulaya? Nimekuletea viazi na... Abdi?"

Wamucii alisimama na goti lake bovu limepinda kidogo. Alimtazama Abdimajid, akamtazama binti yake, na ile midomo iliyofanana, miwili kwa miwili, ikawa mbele ya Abdimajid kwa pamoja. Safari hii hakukuwa na haja ya nguvu kuifuatilia.

"Mama, niko na mgonjwa. Ungoje nje."

"Mgonjwa gani? Huyu ni Abdi wangu! Mtoto wa Samatar." Wamucii alikuwa ameshaweka kikapu chini. Uso wake ulibadilika. "Ni tumbo? Abdi, ni tumbo? Ngai. Na hukuniambia." Akavuta kiti bila kuambiwa. "Ndio maana umekonda. Mimi namwambia kula, ananiambia amekunywa chai. Saa hizi hata hajanywa, mwone vile amekauka. Wangechi, lete kikombe. Huyu bila chai hawezi kuongea, huyu ni wa vikombe nane kwa siku, siku ya mnada kumi. Ananimalizia maziwa kuliko zizi yote."

Kalamu ya Wangechi ilisimama katikati ya neno.

"Maziwa?"

"Sasa chai yangu ilianza lini kukosa maziwa? Si wewe nilikulea nayo?"

Wangechi alirudi kwenye daftari. Alifungua Jumatatu. Alifungua Jumanne. Alipitisha kidole kwenye wali, nyama, karoti, akafika chini kwenye saba, akafungua ukurasa mwingine. Abdimajid alitafuta kichekesho, na vilikuwepo, alivisikia vikijipanga, lakini joto la ajabu lilikuwa limeanza kumpanda shingoni, likashika masikio, likashika macho, na hakujua la kufanya nalo, maana lilikuwa limepotea tangu Machi.

Wamucii, mkono juu ya kifuniko cha chupa, alimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Kwani," alimuuliza binti yake, "huyu alikuwa anakuambia anakunywa nini?"